Raba za Injini na Mshono wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kafanyiwa upasuaji wa tumbo, katoka salama. Jumamosi anaruhusiwa. Raha iliyoje! Halafu nikalikumbuka gari. Likisimama kwenye taa za barabarani linatetemeka kama mwenye homa. Siku ya kumpeleka hospitalini alishika tumbo kwa mikono miwili kila tuliposimama, akaniambia haumwi. Alikuwa anaumwa. Namjua. Sitamrudisha hivyo na mshono mbichi.

Shemeji, kaka yake, ni fundi magari. Kachungulia, kasema raba zinazoishikilia injini zimekufa, nimwachie gari. Nimeshukuru, nimekataa. Akilitengeneza yeye, mke wangu atakuwa amerudishwa nyumbani na kaka yake. Mume ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua raba mpya. Muuza vipuri kanieleza mara mbili: ukishazipachika, ishushe injini kwanza ikalie raba, ndipo ukaze nati. Maneno mengi. Nilimwelewa tangu mwanzo, isipokuwa pale katikati.

Nimeinua injini kwa jeki uani. Kati ya jeki na injini huwekwa ubao. Ubao pekee nyumbani ni wa kukatia vitunguu. Umepasuka. Nimeuficha.

Raba kuukuu zimechanika, kidole kinapita. Zimebeba injini miaka yote hii bila kulalamika. Nikamfikiria mke wangu. Nikabaki nimelala chini ya gari kwa muda, sifanyi kitu.

Jumatano, 5 Machi
Raba mpya zimeingia. Nati nimezikaza kwa nguvu zangu zote, injini ikiwa bado juu ya jeki. Ya nini kusubiri ishuke? Nati legelege ni uzembe. Kisha nikaishusha, nikawasha.

Linatetemeka kuliko jana. Kioo cha ndani kinanionyesha majirani wawili, nami nina mmoja tu. Shemeji alikuwa amesimama getini. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Kasema raba zimebanwa zikiwa zimejipinda: nati zilegezwe, injini itulie, zikazwe upya, kazi ndogo tu. Nimemwambia raba ni kama viatu vipya, zitazoea zenyewe. Kauliza kama zitazoea kabla ya Jumamosi. Nimemwambia ajishughulishe na yake.

Alhamisi, 6 Machi
Hazijazoea. Mpango mwingine: nimefunga mito yote ya nyumba kwenye kiti cha abiria kwa kamba. Nimejaribu kukaa mwenyewe. Kichwa kimegonga paa, na tumbo bado linatikisika.

Hospitalini mke wangu kauliza gari vipi. Nimesema liko shwari. Kaitazama mikono yangu, mafuta mpaka kwenye kucha, kaichukua, kaishika, hakuuliza tena. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamwambia nampenda. Kasema anajua, na niende nikaoge.

Kabla sijaondoka kanisihi kesho nije kwa basi, ufunguo wa gari nimwachie shemeji, eti nisije nikaupoteza. Kisha kaomba simu amsalimie kaka yake. Ana upendo wa ndugu, huyu mwanamke.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda wodini. Nimerudi jioni, nimewasha gari. Kimya! Nilishuka kuhakikisha kama kweli injini imewaka. Raba zimezoea! Si nilisema?

Zana zangu zimepangwa vizuri sandukuni. Sikumbuki kuzipanga, lakini mtu mwenye mawazo hufanya mengi asiyoyajua. Shemeji alikuwa bombani akisugua mikono kwa sabuni. Nimemweleza tena habari ya viatu vipya. Kasema kweli, elimu haina mwisho. Nimefurahi kuona naye anajifunza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemrudisha. Taa ya kwanza aliweka mikono tumboni, akafumba macho, akajiandaa. Gari likasimama. Halikutikisika. Akaishusha mikono taratibu. Taa iliyofuata alikuwa ameshalala, kichwa begani kwangu. Ikawa kijani, sikuondoka. Wa nyuma wakapiga honi, wakachoka, wakanipita. Machozi yalinitoka na sioni aibu kuyaandika.

Nyumbani kanishukuru, kasema hajawahi kupanda gari tulivu vile. Kisha kamkumbatia kaka yake, tena kwa muda mrefu. Haya, ndugu ni ndugu.

Shemeji alipoondoka nimelisikiliza gari lake. Linatetemeka kidogo, lakini sikio langu sasa ni la fundi. Maskini, anahangaikia magari ya watu hata lake hana muda nalo. Nimempigia simu: kesho alilete, nitambadilishia raba kwa mikono yangu mwenyewe. Kaniomba nirudie, nikarudia. Ameguswa, nadhani. Mke wangu kacheka mpaka kashika mshono.

Nitazikaza nati kwanza, injini ikiwa bado juu ya jeki. Hiyo ndiyo siri yenyewe.