Baiskeli Isiyobeba Kitu

Jumatatu asubuhi wananchi wa Malindi walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, kwamba mji wao umeingia rasmi katika Zama za Magurudumu Mawili. Gari lenyewe lilikuwa na manne, lakini hilo lilikuwa jambo la mpito.

Mwenye tangazo alikuwa Bwana Oliver Kamande, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Mwendo wa Baiskeli, mtu wa bara, mchapakazi, shati limenyooshwa pasi mpaka kola. Ule ukaimu ulimkera roho. Mkewe alishawaambia ndugu zake huko Nyeri kwamba mumewe ni Mkurugenzi kamili, na sasa mashemeji walikuwa njiani kuja kumpongeza. Uzinduzi wa njia za baiskeli, siku ya Ijumaa, ukienda vizuri, Mheshimiwa Waziri wa kaunti angelifuta lile neno mlangoni. Ukienda vibaya, basi tena.

Njia zilikuwa za namna tatu, maana Idara haifanyi mambo nusunusu. Ya kwanza ilikuwa mstari wa kijani pembeni mwa barabara. Kufikia adhuhuri wauza viazi karai walishapanga meza zao juu yake, tena zimenyooka ajabu, na Kamande akaripoti kwamba nidhamu ya biashara imeimarika. Ya pili ilipita mle mle wanamopita waendao kwa miguu, ili pande mbili zizoeane. Zilizoeana kweli, hadi watu wakatajiana mama zao.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa kipenzi chake: njia safi, imetengwa na barabara, kutoka sokoni hadi uwanjani, na mwanzoni mwake nguzo mbili za saruji za kuzuia magari na tuktuk. Nafasi kati ya nguzo aliipima mwenyewe. Alipanda baiskeli, peke yake, akapita, magoti hayakugusa. Ikawa imepitishwa.

Kesho yake alikuja ofisini Mwaro, muuza maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema, lakini kwa ufupi."

"Baiskeli yangu haipiti pale kwenye nguzo."

"Ina upana gani?"

"Yenyewe haina neno. Ni mitungi. Miwili huku, miwili huku."

"Basi ondoa mitungi."

Mwaro alimtazama kwa huruma. "Nikiondoa mitungi, mzee, huko naenda kufanya nini?"

Kamande hakuwa mtu wa kushindwa na swali. Alasiri hiyo hiyo alitoa mwongozo: baiskeli iliyobeba chochote, kiwe maji, nazi, mkate au mtu, si baiskeli kwa maana ya Idara, bali ni mzigo wenye magurudumu, na mzigo utumie barabara kuu pamoja na malori. Kisha akamweka nguzoni askari wa kaunti, Easter Ngala, na kumsisitizia asimpendelee mtu.

"Hata mkubwa?" Easter akauliza.

"Hasa mkubwa," akajibu Kamande, na jibu lile likamfurahisha mwenyewe siku nzima.

Njia ikabaki tupu, yang'aa. Takwimu zikapendeza: ajali hakuna. Huko barabara kuu Mwaro alibanwa na malori, maji yakachelewa, wateja wakanuna, lakini hayo yalikuwa nje ya mamlaka ya Idara.

Ijumaa Mheshimiwa Waziri akawasili kutoka msikitini, mnene wa heshima zake, kanzu nyeupe pepe. Baiskeli hakuwahi kujifunza. "Nibebwe," akasema. Wapiga picha wakafurahi. Kamande, kijasho chamtoka, akamvuta Mwaro kutoka katika umati, mitungi ikateremshwa, mto ukafungwa kwenye keria.

Sasa, Malindi mwenye kanzu hapandi keria kwa kutanua miguu. Hukaa upande, miguu yote kushoto, kwa adabu. Mji mzima unalijua hilo, ila aliyepima nguzo. Mheshimiwa akakaa upande, akapunga mkono, Mwaro akakanyaga pedali, na Easter akainua kiganja.

"Simama hapo. Huo ni mzigo."

"Easter," Kamande akanong'ona, "huyu ni Waziri."

"Najua, bosi. Lakini amebebwa."

"Mpitishe."

"Nimpitishe vipi? Hebu tazama magoti."

Magoti yalikuwa yameshakwama kwenye nguzo. Mheshimiwa akauliza, kwa upole wa kutisha, ni nani aliyeamua kwamba yeye ni mzigo. Easter, mkweli wa watu, akanyoosha kidole.

Kushuka mbele ya kamera hakukuwezekana. Ikabidi wazunguke barabara kuu, katikati ya malori ya kokoto, na wauza viazi wakawa wanaambizana kwa sauti, "Pisheni, mzigo unapita." Mheshimiwa alipofika jukwaani, kule uwanjani, kanzu ilikuwa rangi ya moshi.

"Bwana Kamande," akatangaza, "kuanzia leo si Kaimu tena."

Kamande alikuwa wa kwanza kupiga makofi, machozi yamlenga.

"Nafasi hiyo," Mheshimiwa akaendelea, akipangusa masizi shingoni, "itatangazwa wiki ijayo."

Alasiri Kamande alitoka ofisini na boksi la vitu vyake. Gari la Idara lilishachukuliwa. Nje alikuwapo Mwaro, mto wa Mheshimiwa ungali kwenye keria.

"Panda, mzee. Kwako napajua, huleta maji."

Kamande akakaa upande, boksi mapajani. Mbele, nguzoni, Easter alikuwa bado amesimama, hajapewa amri nyingine.

"Barabara kuu," akamwambia Mwaro.

"Najua, mzee. Shika vizuri."

Lori likapiga honi nyuma yao, na Kamande akayakunja magoti kadiri alivyoweza.