Koti Jeusi la Kikorea

Jumatano, 12 Juni

Nimeamua. Kuanzia sasa nabaki na nguo tano tu! Mama wakwe wa kwenye tamthilia za Kikorea anazotazama mjukuu wangu Nelly hawavai maua. Nyeusi, nyeupe, kijivu, basi. Na wanaogopwa! Jumamosi wakwe wa Nelly wanakuja kupanga mahari. Nelly kanisihi: bibi, vaa kitenge, huyu mchumba nampenda. Nimemwambia shule sikuingia, herufi kanifundisha yeye, lakini macho ninayo.

Alhamisi, 13 Juni

Mnadani Runzewe, kwenye mitumba. Nimepata koti jeusi hadi visigino! Gauni jeupe, pana kama gunia la pamba. Vitenge vyote nimempa jirani Klara. Kavipokea mbio, kisha kaniuliza nani kafa. Wivu!

Jumamosi, 15 Juni

Balaa. Mzee Stanslaus, baba wa mchumba, mzee wa kanisa, kamsalimia Klara, aliyekuja kusaidia kupika, akidhani ndiye bibi. Ndani ya kitenge changu! Mimi nimekaa kwenye kigoda na koti langu, mkia wa ng'ombe mkononi, maana nzi walizidi.

Hodi! Wachimbaji watatu, vumbi hadi kope, na kuku mweupe. Wakapiga magoti mbele yangu: shikamoo mayu, mama yetu, tumesikia kuna mganga mpya, duara letu, shimo tunalochimba, huu mwezi wa tatu halitoi dhahabu.

Nikafoka: mimi si mganga, nimevaa Kikorea!

Wakauliza dawa ya Kikorea inataka kuku wa rangi gani.

Mzee Stanslaus akasimama. Haozeshi kwa waganga! Wakwe wakaondoka, wali haujaguswa. Nelly kalia. Nimempakata kama mtoto, mkubwa vile. Nikamwambia mwanamume anayeshindwa na koti hafai. Akalia zaidi.

Jumapili, 16 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Stanslaus kuomba radhi. Kanivuta nyuma ya zizi, kanong'ona: na yeye ana duara, halitoi kitu. Nikaapa mimi si mganga. Akasema waganga wa kweli ndivyo wanavyosema.

Nikamfikiria Nelly. Nikakohoa. Nikasema mashimo hayapendi ndoa zinazocheleweshwa.

Harusi mwezi ujao!

Nelly kanirukia shingoni, kisha kaanza tena: bibi, harusini kitenge, nakuomba. Kitenge? Baada ya ushindi huu? Kuna kofia nyeusi nimeiona mnadani, pana kama ungo.