Wageni Wasiokaa

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Siku kubwa! Duka langu la vinyago vya mawe ya sabuni sasa liko kwenye intaneti. Dunia nzima inaweza kuingia kwangu mimi Ogari bila kufika Kisii. Kavita, binti wa Bharat mwenye duka la vyuma, ndiye aliyetengeneza ukurasa, huko juu ya duka hilo, kwenye ofisi yake ya kompyuta. Alishauri tuanze na picha za vinyago na bei. Nikakataa. Mtu anunueje kabla ya kunijua? Kwanza picha yangu, nimevaa suti ya harusi. Kisha maisha yangu, tangu darasa la kwanza. Vinyago viko mbele huko, ukibonyeza. Bei hakuna. Bei ni mazungumzo.

Jirani yangu Angwenyi, anayeuza vinyago kama mimi, naye ana ukurasa. Kiboko mmoja wa jiwe na bei yake. Basi. Nilimhurumia.

Jumatano, 4 Agosti

Kavita ameniita. Watu wengi wamefungua ukurasa. Nikapiga makofi. Akasema ningoje: karibu wote wametoka kabla ya kufika kwenye vinyago. Eti picha yangu ni nzito. Inashuka polepole, nywele kwanza, na wengi wanaondoka kabla haijafika puani.

Nilitafakari hadi dukani. Jibu likanijia mlangoni. Picha ni ndogo mno! Nikarudi kumwambia aikuze. Kavita alinitazama kama anayesubiri nicheke. Sikucheka.

Ijumaa, 6 Agosti

Mbinu mpya. Anayetaka kutoka anakutana na kidirisha kinachomuuliza mbona anaondoka mapema hivyo. Akikifunga, kinakuja kingine. Kavita alisema watu watakasirika. Nikamwambia kwetu mgeni haachiliwi akiaga mara moja.

Mchana nilimchungulia Angwenyi. Alikuwa anapanga viboko ndani ya sanduku, anavizungushia majani makavu ya migomba. Vinaenda Ujerumani. Akanisalimia kwa upole sana. Iliniuma.

Kisha akaja Nyangau kutoka Tabaka. Yeye anachonga, mimi nauza. Tuliketi dawati moja shule ya msingi. Alikwenda moja kwa moja kwa wale wazee wawili aliowachonga, bibi na bwana wameketi wameegemeana. Akawapangusa vumbi kwa mkono wa shati. Akauliza kama kuna mtu ndani ya hiyo mashine amewaulizia. Nikamweleza habari za kidirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema Angwenyi ameomba kuchukua kazi zake zote.

"Bado sijamjibu," alisema.

Chai yake aliiacha nusu.

Jumatatu, 9 Agosti

Barua! Imetoka Denmaki, kwa mama mmoja aitwaye Kirsten. Kavita aliichapisha na kunitafsiria pale nilipokwama. Mama huyo anasema alingoja ukurasa kwa muda mrefu, uso wa mwanamume aliyevaa suti ukajitokeza polepole, akajua ni tangazo la kifo. Akataka kutoka kwa heshima. Vidirisha vikamzuia. Katika kuhangaika akabonyeza bila kukusudia, akaangukia vinyago. Hapo akawaona wale wazee. Baba yake amezeeka, amesahau majina ya watoto wake wote, lakini bado anautafuta uso wa mkewe kila asubuhi. Anawataka wazee hao kwa ajili ya wazazi wake. Ni bei gani, na watafikaje? Mwishoni, pole kwa msiba.

Nilimsomea mke wangu Marion kwa fahari. Mbinu zimefanya kazi! Marion hakucheka.

"Baba Kerubo," alisema, "hata dukani ndivyo unavyofanya. Mtu akiinua bakuli, hajaligeuza, umeshamfikisha kwenye hadithi ya babu yako. Analirudisha polepole kama aliyeshikwa akiiba, anatoka. Watu hawakimbii vinyago. Wanakukimbia wewe."

Nikarudi dukani. Alasiri akaingia mwalimu mmoja wa Keumbu. Nilinyamaza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile! Alichukua bakuli, akaligeuza, akasoma chini. Akaniuliza Nyangau ni nani. Nikatazama. Jina limechongwa pale, herufi ndogo, safi. Miaka yote hii nimeuza mabakuli hayo na sikuwahi kuona. Mwalimu akanunua.

Jumamosi, 14 Agosti

Kavita ameupanga ukurasa upya. Wazee wawili juu kabisa. Bei chini yao. Kisha maelezo ya kuagiza na kutumiwa. Mimi nimeondolewa. Nilihisi kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje.

Nyangau alikuja tukafunga mzigo wa Denmaki. Nilimsimulia habari za yule baba anayesahau. Akaufungua mzigo tena. Akapitisha kidole begani kwa yule bibi, taratibu.

"Hawa ni baba na mama," alisema.

Nilikula kwao utotoni. Mama yake alinipakulia kwa mikono yake. Na kinyago kimekaa mbele ya macho yangu mwaka mzima, sikumtambua. Nikamshikia kamba. Nyangau akafunga mzigo, akaukaza kamba. Akasema atamwambia Angwenyi hapana.

Jumanne, 21 Septemba

Kirsten ameandika. Mzigo ulifika salama. Baba yake alimshika yule bibi wa jiwe, akamtazama mkewe, akamwita kwa jina. Mara moja tu. Nilimpelekea Nyangau barua hiyo Tabaka. Alitoka nje kidogo, akarudi amenawa uso.

Na maagizo yanakuja! Norwei, Kanada, hata Mombasa. Nyangau amewaita ndugu zake wawili wamsaidie.

Lakini nimegundua kasoro kubwa. Watu wanafungua, wanaona, wananunua, wanaondoka. Haraka kuliko zamani! Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za nyumbani. Kavita anasema hicho ndicho tulichokitaka. Bado ni msichana mdogo. Nimeshapata dawa: tutaweka lango. Kabla ya kuona kinyago chochote, mgeni ataeleza ameamkaje, watoto hawajambo, ng'ombe wanaendeleaje na mvua imenyesha kwao ama vipi. Akijibu vizuri, anafunguliwa.

Nilipomweleza Kavita, aliinamisha kichwa juu ya meza. Bila shaka anafikiria rangi ya lango.