Kompyuta Yetu Isipigwe na Vumbi

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Vita vimeanza. Bwana Muthamia, Meneja wetu wa Muungano wa Wafuga Nyuki, ametangaza kwenye maombi ya asubuhi kwamba kompyuta iliyoletwa na wafadhili haiwezi kuwa na wenyewe wawili. Ofisi hii ya Makutano itabaki na karani mmoja wa kompyuta. Mwingine atapanda lori kwenda Gachoka, kusimamia mizani ya asali.

Makarani tuko wawili. Mimi, Njoka. Na Wawira.

Gachoka, huko Mbeere, naijua. Nilifanya kazi huko kabla ya kuletwa hapa Meru mjini. Nyuki wa Gachoka wananijua kwa sura. Mara ya mwisho walinivimbisha uso hadi mke wangu Beth akanipita stendi bila salamu. Sirudi!

Mtihani ni huu: ripoti ya mwaka ichapwe kwa kompyuta na itoke kwa printa kabla ya mkutano mkuu, Jumamosi ya wiki ijayo. Wafadhili watakuwepo. Wawira amesomea kompyuta Embu mjini na ana cheti chenye muhuri wa dhahabu. Mimi sina cheti. Nina akili.

Akili yenyewe: nimemwambia Beth afume kitambaa. Dirisha la chumba cha kompyuta linaangalia barabara, malori hayaishi, na vumbi la Septemba ni kama unga. Nyumbani redio yetu ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Makochi yana vitambaa mpaka mikononi. Lakini mashine yenye thamani kuliko hivyo vyote imekaa uchi mbele za watu! Wawira na cheti chake hakuliona hilo.

Jumatano, 10 Septemba

Kitambaa kimefika. Cheupe, kingo za kijani. Kimefunika skrini kwa juu, kikashuka juu ya lile sanduku lake, ubavuni na nyuma, hadi mezani. Uso tu ndio umebaki wazi. Meneja alisimama mlangoni akasema sasa hii ni ofisi. Akauliza kama Beth anaweza kumfumia kingine cha friji.

Wawira alisema kitambaa ni cha mashine iliyozimwa. Wivu.

Saa nne hivi alikuwa akichapa sura ya mizinga. Skrini ikaganda. Mausi haiendi. Kibodi haisikii. Kisha mashine ikazima kabisa, yenyewe. Sura yote ya mizinga ikapotea kwa sababu hakuwa ameihifadhi. Wawira aliipiga meza kwa kiganja. Nilisikitika kwa sauti, ili Meneja asikie.

Alipokuja nikamweleza kwamba hivi ni virusi. Nimesoma gazetini. Huletwa na disketi za vyuoni. Meneja akauliza nani ana disketi za chuoni. Nikatazama chini, kwa heshima.

Disketi za Wawira sasa ziko kwenye droo yangu. Nimefunga kwa ufunguo.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya ushindi, karibu yote. Mashine ilipowashwa ilianza kujikagua, ScanDisk, kwa sababu jana ilizima vibaya. Nilimwambia Meneja kwamba nimeiamuru mimi. Baadaye nikaanzisha Defrag, ambayo huchukua vipande vya kazi vilivyotawanyika kwenye diski na kuvipanga mahali pamoja. Huonyesha viboksi vidogo vya rangi vikihama kimoja kimoja. Hakuna jambo tamu hivi la kutazama ofisini! Meneja aliletewa kiti. Kathuri, mpishi wetu wa chai, akaleta vikombe, akasimama naye kutazama, na kule jikoni githeri yetu ya mchana, mahindi na maharagwe, ikaungua. Jikoni kwake na chumba cha kompyuta vimetenganishwa kwa mbao tu. Tulinusa hiyo githeri hadi saa tisa.

Viboksi viliganda katikati. Mashine ikazima. Niliweka mkono juu ya sanduku nikakuta limechemka, ishara kwamba lilikuwa linafanya kazi kwa bidii.

Wawira alisema ripoti ihifadhiwe pia mahali pengine, asipoteze sura nyingine. Wazo zuri, nikalitekeleza kabla yake. Nimenakili ripoti yote na kuiweka kwenye kompyuta ileile, folda nyingine. Moja ikipotea tunayo ya pili.

Kuhusu kuzima: ni vumbi. Kitambaa cha kufuma kina matundu. Nimemwomba Beth cha pili, cha chini, kizito. Aliniuliza, "Baba Muchangi, kwani hiyo kitu inasikia baridi?" Hajui kompyuta.

Ijumaa, 12 Septemba

Vitambaa viwili. Mashine haikumaliza hata saa moja.

Nikafikiri sana. Nikafungua folda ya Windows. Masikitiko! Imejaa faili ambazo hakuna mtu ofisini aliyeziandika. Katika Muungano huu kila mzinga una mwenyewe na kila debe lina jina la mwanachama. Debe lisilo na jina hurudishwa langoni. Itakuwaje faili zisizo na mwenyewe zikae ndani bure, zikilemea mashine?

Kwenye maombi ya asubuhi nikasimama nikazisoma kwa sauti. Nikauliza ya nani hii, na hii ya nani. Meneja mwenyewe alisema hamjui mwanachama yeyote anayeitwa Shell. Kathuri alidhani moja ni ya shemeji yake wa Gakoromone, lakini hakuwa na hakika. Wawira alikuwa hajafika, amepeleka mtoto kliniki. Nafasi nzuri.

Nikazifuta. Nyingine zilikataa, zikasema zinatumika. Zinatumika na nani? Nikazima mashine, nikarudi kupitia DOS, ile skrini nyeusi ya kuandika amri, nikazifuta kwa jina. Nafasi sasa ni tele. Nimeenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatatu, 15 Septemba

Mashine haiwaki. Yaani inawaka, halafu skrini inabaki nyeusi na maandishi meupe yakidai kwamba kuna faili imekosekana. Ukibonyeza, inadai nyingine. Faili zote hizo nilizisoma Ijumaa mbele ya mashahidi na hakuna aliyezidai.

Nilimwambia Meneja kwamba mashine imepata mshtuko wa wikendi.

Wawira alisoma yale maandishi mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwa nimefanya. Akaniuliza, "Bwana Njoka, ulifuta kitu?" Nikasema nilifagia. Akasema mashine ianzishwe kwa disketi maalumu ya kuwashia, kisha Windows iwekwe upya kutoka kwenye ile CD ya wafadhili, na ripoti haitaguswa. Meneja akauliza disketi hiyo iko wapi. Wawira akasema anayo tangu chuoni.

Watu wote wakageuka kuitazama droo yangu.

Nilifungua droo. Nikasema nilikuwa nimeitenga ili ipone. Hakuna aliyecheka isipokuwa Kathuri.

Wawira aliondoa vitambaa, akaviweka kitini, akafanya kazi hadi jioni. Mashine haikuganda hata mara moja. Windows ikarudi na ripoti ikiwa nzima, zote mbili. Meneja alinifuata nje. Alisema lori la Gachoka linaondoka Jumatatu ijayo na nafasi ya mtu mmoja iko mbele, kando ya dereva. Aliniambia hivyo huku ananitazama mimi peke yangu.

Nimeenda nyumbani bila mluzi.

Jumatano, 17 Septemba

Sikati tamaa. Jana asubuhi nilifika wa kwanza nikavirudisha vitambaa vyote viwili. Wawira alivitoa. Nikavirudisha alipoenda kunywa chai. Mashine ikaganda kabla hajamaliza mandazi.

Basi nikapeleka taarifa kwa Meneja, kwa unyenyekevu, kwamba Windows iliyowekwa na Wawira haikukaa vizuri. Jumatatu ilifanya kazi tu kwa sababu ilikuwa mpya. Wawira akajitetea kwamba ni joto. Meneja, mtu wa kutoka upande wa Timau kwenye baridi, alicheka akasema Meru hakuna joto, vitambaa vibaki. Tukacheka pamoja, mimi na Meneja. Raha tupu.

Leo nimegundua chanzo. Nyuma ya sanduku kuna matundu! Mengi, wazi kabisa, na ndani yake kuna feni ndogo inayozunguka na kuvuta vumbi lote la barabara ya Makutano. Aliyeiunda mashine hii hakuwahi kuona lori. Nimeyaziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa kufungia bahasha za wanachama. Juu ya skrini pia kulikuwa na mengine. Nayo nimeyaziba.

Mashine imezima mara nyingi leo kuliko siku yoyote. Ni uchafu wa zamani unatoka.

Ripoti haijatoka kwa printa. Imebaki kesho na keshokutwa. Niliota nyuki.

Ijumaa, 19 Septemba

Ajali. Nilikuwa namwonyesha Kathuri jinsi kitambaa kinavyoshuka pembeni bila mkunjo. Nikainua mkono. Ukakipiga kikombe alichoshika. Chai ya maziwa, kitambaa kizima!

Wawira alifoka kwa Kiembu, maneno ambayo Mmbeere kama mimi anayaelewa vizuri. Akachomoa umeme, akavua vitambaa vyote viwili, akabandua gundi yangu yote kwa kucha, akafuta, akangoja pakauke. Vitambaa akaviweka kwenye karatasi akanipa nivipeleke nyumbani kwa Beth vikafuliwe. Kwa ajili ya vumbi akafunga dirisha, basi.

Nilirudi nikakuta mashine inafanya kazi. Ikafanya hadi adhuhuri. Ikafanya baada ya adhuhuri. Printa ikaanza kulia ile sauti yake ya kusaga, kurasa zikashuka zikiwa zimeshikana, sura ya mizinga, sura ya asali ya Mbeere, sura ya nta. Haikuganda! Nilisimama kando nimeweka mkono juu ya sanduku. Lilikuwa vuguvugu tu, na matundu ya nyuma yakinipulizia hewa mkononi. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga, sioni haya kuandika.

Sasa nimeelewa. Defrag ni dawa ya polepole. Niliifanya Alhamisi ya wiki jana na leo ndiyo imeingia. Nilimweleza Meneja. Akasema ahsante Njoka, akaenda kumpa Wawira mkono.

Jumamosi, 20 Septemba

Mkutano mkuu. Ripoti iligawiwa ukumbini, wazee wakaishika kwa ncha za vidole wasiichafue. Mfadhili alipiga picha ya jedwali. Makofi.

Mwishoni Meneja alitangaza kwamba Wawira anakwenda Nairobi kwa mafunzo ya mwezi mmoja. Makofi tena. Mimi nilikuwa tayari nahesabu nguo za kubeba Gachoka. Kisha akasema kwamba muda huo wote kompyuta itakuwa mikononi mwa Njoka. Lori la Jumatatu liende bila mimi. Wawira akirudi akakuta mashine nzima, nabaki Makutano. Akiikuta na shida, kuna lori lingine, na hilo halitaningoja nimalize chai.

Nimeisikia sehemu ya kwanza vizuri sana. Msimamizi wa Kompyuta! Beth alinunua nyama.

Jumatatu, 22 Septemba

Wawira alipitia ofisini na sanduku lake la safari. Hakuwa mkali. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwachia jirani ng'ombe. Kila kazi nihifadhi kwenye disketi. Nisizime kwa kuchomoa, nizime kupitia Windows ningoje iniruhusu. Faili nisiyoijua nisiiguse, hata ikikosa mwenyewe. Ikiganda, nisubiri kwanza. Na zaidi ya yote matundu yabaki wazi, kwa sababu mashine inapumulia hapo, na kitambaa kiwekwe jioni tu ikiwa imezimwa na kupoa. "Tafadhali, Bwana Njoka. Hiyo ya kitambaa usisahau."

Nikakubali yote. Nikambebea sanduku hadi stendi. Nikapunga mkono.

Maskini, kile kitambaa kinamkera hadi leo, kwa sababu halikuwa wazo lake. Kupumua! Nimechungulia mashine pande zote na pua haina.

Saa tatu vitambaa vilirudi vimefuliwa na kupigwa pasi. Juu yake Beth ameongeza kipya, cha sufu nzito, chenye nyuki watatu wa njano. Kinafika hadi sakafuni. Matundu nimeyaziba kwa gundi mara mbili, kazi safi. Nimewasha Defrag iwe inaendelea kutibu. Nimeketi.

Saa tano. Mashine inanguruma kwa nguvu kuliko siku zote. Nadhani imefurahi.

Saa tano na nusu. Kuna harufu ya kuungua. Kathuri na githeri yake tena! Nimegonga mbao nikamwita. Amejibu kwamba leo hajawasha jiko, anakwenda Gakoromone kutafuta maharagwe. Mwongo mkubwa, na moshi huu hapa unaniingia machoni.

Nimeanza barua kwa Meneja ya kumshtaki Kathuri. Naiandika kwa kalamu, kwa sababu moshi wake umeizima kompyuta.