Tuzo ya Nne Nimempa Mimi

Leo nimejivua nguo mbele ya ukumbi mzima, Houston. (Si nguo za kweli. Bora zingekuwa za kweli.)

Wengi wenu hapa kwenye jukwaa letu la mtandaoni mnajua kazi yangu: nachonga maandishi kwenye vikombe na ngao, duka moja hapa Haltom City, Texas. Wiki iliyopita ikaja oda ya chama cha Wahindi wa Houston. Wanamleta muigizaji mkubwa wa filamu za Kihindi (jina silitaji, nimeshamkosea vya kutosha), wampe ngao ya heshima. Duka zima, nani anamjua huyo bwana? Mimi tu! Mimi niliyekulia Unguja, nikapelekwa sinema na shangazi yangu kila Jumapili.

Nasoma karatasi ya oda: "Mshindi wa tuzo ya Muigizaji Bora mara tatu."

Tatu? Nikahamaki. Na ile filamu aliyocheza karani wa posta anayepoteza kumbukumbu? Shangazi aliilia mpaka jirani akaja kutoa pole! Kama hakushinda kwa ile, ashinde kwa ipi? Nikajua tu katibu wao kasahau. Nikampigia kumuuliza? Wapi! (Mtu anayejua hapigi simu.) Nikachonga: "mara nne". Na jina la filamu nikaliongeza, kusiwe na ubishi.

Leo nikajitolea kuipeleka mwenyewe. Mwendo wa saa nne barabarani, mimi na koti na tai, mke wangu Salma na gauni lake la Idi. Katibu, Bwana Kanji, Mhindi mzaliwa wa Dar, akatupokea kwa Kiswahili safi. Ngao akaichukua ikiwa imefungwa vilevile, hata hakuifungua. Akatukalisha safu ya pili.

Muigizaji akapanda jukwaani. Makofi! Akakabidhiwa ngao, akavaa miwani, akaanza kuisoma kwa sauti.

Nikamkanyaga Salma mguu. "Sikiliza, kazi yangu hiyo!"

"...mara nne..." Akarudia kimoyomoyo, midomo inacheza tu.

Kisha akasema, kwa Kiingereza ambacho kwa bahati mbaya kila mtu alikielewa: "Mwaka wa filamu hii nilishonesha suti mpya. Walipofungua bahasha nikaanza kuinuka. Wakataja jina la mwingine. Nikajifanya nanyoosha suruali."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana Kanji hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nani kaandika hii?" muigizaji akauliza.

Nikainama kama naokota kitu. Salma, mke wangu wa ndoa, mama wa wanangu, akaninyooshea kidole. "Huyu hapa!"

Nikaitwa jukwaani. Muigizaji akanishika mkono, akaniuliza habari ile nimeitoa wapi. Mbele ya kipaza sauti, na kamera zinanimulika, akili ikakimbia, nikajibu ukweli:

"Kwa shangazi yangu."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Kuna bibi mmoja ilibidi apepewe.

Nashuka, Bwana Kanji ananisubiri kwenye ngazi.

"We bwana, mimi niliandika ngapi?"

"Tatu."

"Wewe umechonga ngapi?"

"Nne."

"Nani alikutuma?"

Bwana Kanji akamfuata muigizaji, amwombe ngao irudi ikatengenezwe upya. Muigizaji kaikumbatia kifuani. "Hii haitoki," anasema. "Nimeisubiri miaka yote hii."

Basi chama sasa kinataka ngao ya pili, iliyo sahihi, na Jumatatu asubuhi bosi anataka maelezo. Nimwambie nini? Kwamba filamu ilikuwa nzuri?

Salma amecheka kutoka Houston mpaka mlangoni kwetu. Kicheko cha jambo hili kimeshatumika chote, jamani. Msiongeze.