Vioo Arobaini na Vinane vya Ukumbi wa Izigo

Jumatatu, 24 Novemba 2025
Jana, sikukuu ya Kristo Mfalme, nilisali parokia ya nyumbani, Izigo. Padre katangaza: Jumamosi kamati itachagua fundi wa ukuta wa vioo, ukumbi mpya wa parokia. Picha za kompyuta zinaruhusiwa. Moyo ukaruka! Miaka kumi na tisa nakata alumini Rwamishenye, sijawahi kupata kazi ya kanisa. Mpinzani mmoja tu, Gozbert. Yeye huchora kwa penseli. Maskini.

Jumanne, 25
Klaudia, mchora ramani, kaniwekea programu. Ajabu! Nabonyeza mara mbili, ukuta umesimama: vioo arobaini na vinane, fremu zimejipanga zenyewe. Lakini kila kioo kina alama ya pini. Nikauliza, kioo kisichoweza kuanguka kinafungiwa pini ya nini? Akasema inalinda mpangilio. Nikitaka kubadili kioo, nikichague hicho hicho, niondoe pini yake, ndipo nibadili. Kimoja kimoja, baba, akarudia. Kana kwamba mimi ni mtoto.

Jumatano, 26
Wazo! Mzee Mwijage, mwenyekiti wa kamati, kwa senene, wale panzi wetu watamu, anaweza kuuza kibanja chake chote cha migomba. Na senene hufuata taa. Nitafungua safu ya juu, vioo vinane tu, viwe matundu. Msimu kama huu taa inawashwa, wanaingia wenyewe, wanaangukia kwenye mfereji wa bati. Nimempigia simu, siri yetu wawili. Akauliza kama mfereji unaweza kuelekezwa kwake. Je, ni dhambi? Nimesali rozari nzima. Sijasikia kukatazwa.

Ijumaa, 28
Kimoja kimoja inachosha! Nimefungua viwili, mgongo umekufa. Mke wangu Edvina kasema nimsikilize Klaudia. Nikamjibu kwamba Mungu aliumba nuru kwa neno moja, hakuondoa pini. Nimezungushia vioo vya juu mstari mpana wa kipanya, kwa mkupuo, pini zote nje, nikaamuru: tupu. Kengele ya jioni ikalia. Nikafunga bila kutazama. Sala kwanza.

Jumamosi, 29
Aibu! Picha ikatokea mbele ya kamati: fremu tupu, juu hadi chini. Hakuna kioo hata kimoja! Padre kauliza vioo viko wapi. Gozbert akasema, Tumsifu Yesu Kristo, fundi katujengea kichanja cha kuanikia dagaa. Mama Immakulata wa kamati akapaliwa na akamwani, buni aliyokuwa anatafuna. Mimi nalaumu pini. Mzee Mwijage peke yake kasimama, macho yanang'aa, anauliza: kumbe sasa wataingilia matundu yote arobaini na manane? Akina nani, kauliza Padre. Basi. Siri ikaishia hapo, na ukuta kapewa Gozbert.

Jumapili, 30, Majilio
Padre ana huruma. Nimepewa kazi ya ubao wa matangazo, wa vioo vinne. Klaudia kapiga simu: kimoja kimoja, baba. Vinne tu! Nimevizungushia vyote kwa mkupuo. Pini nje.
Baada ya misa Mzee Mwijage kaninong'oneza mlangoni, kama ubao utakuwa na taa.
Nimemwambia utakuwa nayo. Kubwa.