Ombi la Kuacha Kuchapisha Tarehe Gazetini

Kuusilampi
(tarehe nimeiacha kwa makusudi)

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, wewe na wafanyakazi wako wote, pamoja na yule mama wa matangazo ya vifo ambaye kazi yake sina neno nayo. Mimi ni Taisto Räihä, fundi mstaafu wa bodi za magari. Kwa miaka thelathini na nne nimenyoosha, nimechomelea na kupiga rangi nusu ya magari ya wilaya hii, na muda wote huo nimelilipia gazeti lako. Naandika kama mteja wa siku nyingi aliyeumizwa.

Nalalamika kwamba gazeti lako lina tarehe. Ingekuwa ukurasa wa kwanza tu, ningevumilia. Lakini mnaiweka juu ya kila ukurasa! Madhara yake ni haya:

1. Oktoba nilimpa binti yangu Outi gari langu jekundu, maana kazini kwake ni kilomita arobaini, na kwenye kiti cha nyuma hukaa mjukuu wangu Siiri, mwenye miaka mitano. Nilimwambia mbele ya mama yake, "Chukua, mwanangu. Halina kutu hata punje, nimelitunza kwa mikono yangu." Jumanne iliyopita akalipeleka kwenye ukaguzi wa mwaka. Nami nikafuatana naye ili nisifiwe. Nakiri nilivaa shati safi.

Mkaguzi ni Jarno, niliyemfundisha kazi mwenyewe. Alilipandisha gari juu, akashika bisibisi, akaanza kugonga ukingo wa chini ya mlango wa nyuma huku ameinamisha sikio. Kuinamisha sikio nilimfundisha mimi. Ti, ti, ti, pu.

"Fundi," akasema, "hapa panasema pu."

"Ni baridi hiyo," nikamjibu.

"Baridi haisemi pu, mzee. Maneno yako hayo."

Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Lipu ya kuzibia matundu ikamomonyoka, Jarno akaingiza vidole, akavuta. Likatoka gazeti lako, Ndugu Mhariri. Akavuta tena, likatoka jingine.

2. Lisingekuwa na tarehe, ningejitetea. Ningesema gari lilitoka nalo kiwandani. Ningesema panya, na kweli nilishafungua mdomo kusema panya. Lakini Outi alilikunjua, akasoma kwa sauti: "Alhamisi, tarehe 17 Januari 2013." Kisha akanitazama. "Siiri alikuwa hata hajazaliwa, baba." Mimi siku ile naikumbuka vizuri: baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, hita ya banda langu imekufa, tundu lenyewe lilikuwa dogo kama kisahani cha kahawa. Nikajisemea nitalichomelea theluji ikiyeyuka. Theluji imeyeyuka mara kumi na moja.

3. Karatasi yenu ni imara kupita kiasi. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu kila majira ya baridi imekula chuma mpaka kikaisha, lakini gazeti limetoka kavu, linasomeka, hata bei ya viazi inaonekana. Nimeuza mafuta ya kuzuia kutu maisha yangu yote na sijapata kuona kitu kilichokaa hivyo. Ni aibu kwa fundi, na kwenu pia inapaswa kuwa aibu, ingawa bado sijajua kwa nini.

4. Hili ndilo lililonimaliza. Ukurasa ule una barua yangu mimi. Mliichapisha, tena kwa jina langu kamili, chini ya kichwa "Mafundi wa Siku Hizi Hawana Haya". Humo nimeandika kwamba anayeziba tundu la kutu kwa karatasi na lipu anacheza na roho za watoto wa watu. Jarno aliisoma yote mpaka mwisho, maana ni mtu makini, nilimfundisha mimi. Utauliza nilipata wapi ujasiri wa kuzibia tundu barua hiyohiyo. Jibu ni kwamba siku ile nilinunua nakala tano kwa majivuno, na ndizo zilizokuwa karibu na mkono. Msingeichapisha, nisingenunua nakala tano. Sasa umeona kosa lilikoanzia?

5. Kila Jumamosi Outi humleta Siiri kwetu, tunaoga sauna, bafu letu la mvuke, kisha tunakula chapati za maziwa na jamu. Jana niliwasha sauna saa nane. Mke wangu Raili akakoroga unga. Hawakuja. Jioni Outi alimpigia mama yake, nami nilikuwa jirani na simu. "Mama, tundu silo tatizo, magari yote hutoboka. Nimemkalisha mtoto juu yake miezi mitano kwa sababu baba alisema halina kutu." Nilikula chapati tisa bila hamu. Ndugu Mhariri, roho inaniuma, na wa kulaumiwa ni wewe.

Kwa hiyo naomba muondoe tarehe kwenye kurasa zote, mtumie karatasi inayooza upesi, na mtangaze kwamba toleo la 17 Januari 2013 halikuwahi kutoka. Sisi wanaume wa hapa tuna magazeti yako mahali pengi kuliko unavyodhani. Wote watakushukuru, ila hawatasema kwa nini.

Nisalimie watu wa mitambo, msambazaji wetu anayepita hata kwenye dhoruba, na yule mama wa vifo.

Wako mwenye uchungu na unyofu (huo wa pili kwa kiasi),

Taisto Räihä

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani wiki nzima. Nilimsomea Raili. Akaniuliza swali moja tu: "Bila tarehe, Outi atajuaje kwamba safari hii umesema kweli mapema, kabla hujakamatwa?" Basi maombi yangu mengine yote yaache, tarehe ibaki, tena iwekeni kubwa. Leo ni Jumapili, 10 Machi 2024. Gari nimelirudisha bandani kwangu. Kingo zote mbili nimezikata na kuchomelea chuma kipya, na sikupiga rangi, ili mshono uonekane. Ukingo wa upande wa pili ulikuwa na gazeti lako la Alhamisi, tarehe 10 Novemba 2011. Hilo hakuna aliyelijua ila mimi. Ijumaa Jarno atakuja na bisibisi yake agonge kila mahali. Outi, kutu ilikuwapo, nami nilijua. Jumamosi nitawasha sauna. Ndugu Mhariri, safari hii naomba nakala moja tu, na ipelekwe kwa Outi.